Picha ya Mgongo wa Mzee Ombati

Nakumbuka siku moja, Uhuru ukiwa bado mbichi, nilipopanda kutoka Marani hadi Gesima na kamera shingoni, nikijiona mtu ambaye milima ile haijapata kumwona. Na kwa kweli haikuwa imepata. Mwanangu, nisikufiche: nilikuwa nimerudi kutoka Uingereza na stashahada ya upimaji ardhi, na katika ukoo wetu hapakuwa na mwingine. Karo nilijilipia mwenyewe, kwa kuchuma pareto ya watu na kuosha sahani za Wazungu. Sikuchangiwa na mtu. Ukiona vyaelea vimeundwa, na chombo changu nilikiunda mwenyewe.

Kamera niliinunua kulekule. Wapiga picha wa mjini Kisii walikuwa wakisimamisha watu mbele ya pazia lililochorwa maua, viatu vimeng'arishwa, redio ya kuazima mkononi. Mimi sikuitaka kazi hiyo. Nilipiga kwa kupenda tu, tena vitu vya kila siku, kwa rangi nyeusi na nyeupe: jiwe la kusagia wimbi, migomba baada ya mvua, mwanamke anayeanika pareto. Picha nilizisafisha katika stoo ya mama, blanketi limeziba dirisha, tochi imefungwa kitambaa chekundu. Mama alikuwa akipita nje akiwaambia majirani, "Huyu wangu amesoma mpaka anakaa na panya." Alisema kwa fahari, usidhani vingine.

Siku hiyo nilikuwa naenda kumwona mchumba wangu, Kemunto. Ng'ombe wa mahari walikuwa wamekwisha kufika kwa baba yake, Mzee Ombati, na kilichobaki ni arusi. Nikakata njia kupitia mtoni, chini ya shamba lake. Sasa sikiliza, maana ninyi wa leo hamjali tena mambo haya. Kwetu mtu akikaribia mto hukohoa, ili aliye majini ajisitiri. Na baina ya mzee na wakwe zake, na hasa wake za wanawe, kuna heshima tuiitayo chinsoni. Mkwe hamwoni baba mkwe akiwa bila nguo, hata nusu. Sikumbuki aliyenifundisha, ni kama nilizaliwa nikiijua.

Mzee Ombati alikuwa amesimama ndani ya maji hadi magotini, shati liko juu ya jiwe, amenipa mgongo. Jua lilikuwa limetoka baada ya mvua. Mgongo ule ulikuwa umelima mlima mzima, na kila msuli ulikuwa na mwanga wake na kivuli chake. Nilijua nikikohoa atageuka. Sikukohoa. Nilipiga, nikarudi nyuma taratibu, nikazunguka na kuingia kwa njia ya wageni. Kemunto akaniletea maziwa ya mgando.

Mwanangu, ile ndiyo picha bora niliyowahi kupiga. Nilisema hivyo wakati ule na nasema leo. Nikaikuza, nikaitundika pamoja na nyingine ukutani mwa hoteli ya chai sokoni Nyamira, siku ya soko. Watu walijaa. Walimu walinishika mkono. Kisha wakaingia wanawake wawili wauza ndizi, wake za wana wa Ombati. Mmoja alitazama, akamtambua baba mkwe wake kwa kovu la begani. Akajifunika uso kwa leso. Walitoka mbio, ndizi zao wakaziacha mlangoni.

Haukupita muda akaja kwetu Mzee Nyakundi, mshenga wetu, yule ambaye kwa lugha yetu huitwa esigani. Alikataa kiti.

"Wewe msomi," alisema, "huko ulikosoma, mtu akioga huita soko zima lije?"

"Omogaka, mzee wangu, macho hayana pazia," nikamjibu. "Sikumgusa. Ni mgongo tu. Kule Uingereza ningepewa zawadi."

"Basi rudi ukaoe hukohuko."

Baba yangu alicheka, kisha akajizuia. Nyakundi hakucheka. "Macho yako peke yako tungeyasamehe," alisema. "Lakini umewaazima wake za wanawe macho yako. Mzee hatoki nje. Anayempelekea chakula anakiweka mlangoni na kugeuza uso. Amefungwa katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake."

Nikauliza Mzee Ombati anataka nini. Kondoo wa fidia?

"Hataki kondoo. Anataka karatasi ile, na kale kautepe kalikoizaa. Uvipeleke mwenyewe, vichomwe mbele ya wazee. Akiona majivu atatoka, na arusi itaendelea."

Karatasi, niliyokuwa nimekwisha kuitoa hotelini, nilimpa palepale. Utepe, yaani negativu yenyewe, niliukatalia. Nilimwambia sikuvuka bahari ili wazee wasiojua kusoma wanichomee kazi. Baba aliinamisha kichwa.

"Heshima si utumwa, kijana," alisema Nyakundi akiondoka. "Unapima mashamba ya watu, na mpaka wako huujui."

Kemunto akaja mwenyewe, kwa miguu, kutoka Gesima. "Nipe mimi," alisema. "Wewe usije. Nitawaambia umenituma."

"Wewe hujui thamani ya kitu hiki."

"Yangu unaijua," akasema. "Ilihesabiwa zizini."

Alisimama akingoja nimjibu. Mimi nilikuwa nikiuviringa utepe katika karatasi, niufiche.

Ng'ombe walirudishwa mchana kweupe, wakapitishwa katikati ya soko la Marani, mmoja akifuatwa na ndama aliyezaliwa kule. Watu waliacha kununua ili watazame. Baba aliwafungulia zizi, akawahesabu mmoja mmoja. Kemunto aliolewa Ogembo na mwenye duka. Na Mzee Ombati, nasikia, hata alipotoka hatimaye hakuoga tena mtoni maisha yake yote. Alijibebea maji nyuma ya nyumba, mzee yule, mpaka alipokufa. Ule utepe nao haukunifaa. Niliuweka kwenye mkebe wa biskuti, na unyevu wa milima yetu ukauotesha ukungu. Palipokuwa na mgongo pamebaki madoa.

Hadi leo sisemi wazee walikuwa na haki yote. Mgongo ule haukuwa na aibu. Ulikuwa na utukufu, na wajukuu wake wangestahili kuuona. Lakini utukufu wa mtu ni wake, si wa aliyeuona kwanza.

Basi shika hili, mwanangu. Jicho lako likipenda kitu cha mtu, mwulize mwenyewe; akikataa, kubali, hata kama vyeti vyako vimejaa ukuta. Na ikiwa hukuuliza, ukaambiwa rudisha, rudisha kabla hujaanza kutoa hoja. Hoja zangu zote zilikuwa nzuri. Nilimshinda mshenga, nikamshinda baba, nikamshinda na yule niliyempenda, na ushindi huo sikupata wa kunipongeza. Chuo kilinifundisha kujibu. Kunyamaza nilijifunza nimechelewa.

Mungu akujalie kazi ya kujivunia, na akujalie watu wa kuketi nawe unapoisifu. Wanaokupenda wakikuomba kitu, mkono wako uwe mwepesi. Uoe, uzae, na wakwe zako wakikuona kwa mbali wafurahi kwamba ni wewe.