Mahari ya Kapsuli Mia Mbili

Ng'ombe jike mmoja wa Pepa, bidoni nne za pombe kali ya lutuku, mfuko mmoja wa chokaa ya kuchomwa kutoka Kabimba, barafu ya miezi mitano kutoka ghala la samaki, na saa yangu ya mkono. Hiyo njo gharama ya kapsuli kumi na moja. Nimehesabu mara mbili. Ng'ombe alikuwa mmoja mara zote mbili, ndiyo maana inaniuma.

Miaka ile ya Zaire nilikuwa na meza katika soko la Kalemie. Niliuza chumvi, sabuni, betri, na dawa kwa kapsuli moja moja, maana hakuna aliyekuwa na pesa ya kuumwa kwa jumla. Iliyotoka haraka kuliko zote ilikuwa kloramu, dawa ya homa ya matumbo. Ilitoka haraka kiasi kwamba wenzangu wawili, meza ya tatu na ya tano, walikuwa wanafungua kapsuli, wanamwaga nusu, wanajaza unga wa muhogo. Mimi sikufanya hivyo. Mikono yangu ni minene, kapsuli zilikuwa zinapasuka.

Ndipo akaja mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari kumuomba dada yangu. Kijana mrefu, suruali iliyopigwa pasi, mfuko mtupu. Mishahara ya walimu siku zile ilikuwa inatangazwa tu, haifiki. Baba yetu alitaka ng'ombe mmoja, na tayari kulikuwa na mchungaji mmoja wa Pepa, mjane wa makamo, aliyekuwa na ng'ombe kumi na meno matano. Dada alikwisha kusema kwamba akipelekwa kwa yule, atashuka na mizigo yake bandarini na kupanda boti ya kwanza ya Kigoma. Baba akampa mwalimu muda mpaka mwisho wa kiangazi.

Kwetu msemaji wa mahari nilikuwa mimi, kwa sababu nilizaliwa nabishana. Na kwetu msemaji akikubali kitu kingine badala ya ng'ombe, yeye mwenyewe anasimama nyuma ya kile kitu. Kikipungua, analipa yeye.

Mwalimu akaweka mezani kopo la kahawa. Ndani mlikuwa na unga wa manjano, gramu mia moja, alioupata chuoni Lubumbashi.

"Papa," akasema, "kloramu iligunduliwa kwa kijidudu cha udongoni. Kile kijidudu kinaitengeneza chenyewe. Lakini molekuli yake ni ndogo, muntu anaweza kuijenga kwa mikono. Nitaijenga hapa hapa, kwa unga huu. Kapsuli mia mbili."

"Kijidudu kinaitengeneza na diplome gani?" baba akauliza.

"Hakina diplome, Papa."

"Na kinalipwa?"

"Hapana, Papa."

"Basi munafanana."

Mimi nilikuwa nahesabu. Kapsuli moja inabeba robo gramu. Mia mbili ni gramu hamsini. Kopo lina mia moja. Hata akimwaga nusu njiani, tumefika. Nikahesabu tena, tukafika tena. Mia mbili kwa bei ya meza yangu ilikuwa ng'ombe na mkia wa pili. Nikakubali mbele ya wazee, pombe ikanywewa, na pombe ikinywewa kwetu neno halirudi.

Kosa langu ni hilo. Nilihesabu mara mbili, lakini mara zote mbili nilihesabu kapsuli. Hatua sikuuliza ni ngapi.

Nilimuuliza baada ya wiki, katika maabara ya shule, yaani chumba chenye chupa za kioo walizoacha mapadri na mbabula moja, jiko la makaa.

"Hatua nane, yaya," akasema. Alikuwa ananiita yaya, kaka mkubwa, kabla ya kulipa hata unyoya.

"Na kila hatua inabakisha ngapi?"

"Nikienda vizuri, themanini kwa mia."

Nikakaa chini. Njia ya Moba naijua. Ukitoka na gunia la samaki wa ndagala, kila kizuizi askari anachota. Hawamchukulii mtu gunia, wanachota tu. Vizuizi vinane, na Kalemie unafika na gunia la kufutia miguu. Nikamwandikia kwa chaki ubaoni: themanini, sitini na nne, hamsini na moja, arobaini na moja, thelathini na tatu, ishirini na sita, ishirini na moja, kumi na saba.

"Lakini molekuli inaongezewa mizigo njiani," akajitetea. "Uzito unakaribia kuzidishwa mara mbili."

"Na nini kingine hukuniambia?"

Akavua ndala zake akazipanga. "Inatoka ya kulia na ya kushoto, kama hizi. Sawa kwa kila kitu, ila moja ni kivuli cha nyingine katika kioo. Inayoponya ni ya upande mmoja tu."

"Yaani nusu ya mahari ya dada yangu ni ndala za kushoto."

"Kuna namna ya kuzitenganisha. Inahitaji asidi inayopatikana katika mvinyo. Nilimuomba padri mvinyo wa misa."

"Akasema?"

"Alinitolea maombi."

Nikazidisha, nikagawa. Kapsuli sitini na kitu. Theluthi ya ng'ombe, na ile ya nyuma. Nikamuuliza kwa nini asianzie pande mbili, kama mzigo wa treni ya Kabalo na mzigo wa boti ya Kigoma, vikutane katikati. Hapo kila upande ungepita vizuizi vinne tu. Akanitazama vibaya.

"Hiyo tulifundishwa mwaka wa nne," akasema. "Njo namna wanavyojenga molekuli kubwa. Hii ni fupi mno, hakuna pa kuikata."

Nilifurahi siku nzima kwamba nina mwaka wa nne wa chuo, mpaka nilipokumbuka ng'ombe ni wangu.

Basi nikaanza kulipa. Alitaka alkoholi isiyo na maji, nikaleta lutuku, akaichemsha juu ya chokaa ya Kabimba inayokunywa maji. Baba aliposikia pombe inakaushwa alikataa kula siku hiyo. Alitaka baridi, nikaleta barafu ya ghala, na mpaka hatua ya tatu dawa ilikuwa inanuka mikebuka, samaki wa ziwani. Hatua ya nne umeme wa ghala ukakatika, barafu ikayeyuka, na chupa ikageuka rangi ya chai. Alitaka kupima dakika, nikampa saa. Akaitumbukiza katika asidi.

Mwisho wa kiangazi alileta karatasi moja iliyokunjwa. Unga mweupe, kidogo. Kapsuli kumi na moja. Baba akalamba, uso ukakunjamana.

"Iko chungu! Njo dawa hii."

"Papa, usimeze," mwalimu akasema. "Nusu ni ya kushoto, na sijui kilichobaki ndani yake."

Nikamvuta uani. Dada alikuwa anatwanga muhogo pale.

"Mwalimu, sikiliza. Mzee amekubali uchungu. Unga uko hapa, kapsuli tupu ninazo. Changanya, jaza mia mbili, oa, nenda nyumbani. Soko lote linauza unga."

"Basi lina watu wa kutosha," akasema. "Mwenye homa ya matumbo akinunua ile, mutamuzika na mahari yangu tumboni."

"Kwa hiyo unampoteza?"

"Nitamuambia Papa ziko kumi na moja."

Mchi ukanyamaza. Dada hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kama mteja aliyekuta jiwe ndani ya chumvi. Kisha akaendelea kutwanga, na kila pigo nililisikia mgongoni. Kesho yake nikapanda Pepa kununua ng'ombe. Muuzaji alikuwa yule yule mjane. Alinipandishia bei, na hakuficha sababu.

Mwaka wa nane wa ndoa yao nilidai ng'ombe wangu. Shemeji akachukua chaki.

"Yaya, kila mwaka njo hatua moja. Kila hatua inabakisha themanini kwa mia. Wewe njo ulinifundisha. Inabaki kumi na saba. Mguu mmoja."

Nikahesabu mara mbili. Mguu mmoja.

"Na tena wa kushoto," dada akasema kutoka jikoni.

Miaka mingine imepita tangu hapo, na mara ya mwisho alinipimia kwato. Ninyi mnaosoma, hasa wenye dada walioolewa na walimu, nishaurini: nipokee kwato, au ningoje nipoteze na hiyo? Na kama ni wewe unayesoma, shemeji, ng'ombe tuendelee kubishana. Ila saa yangu haikupita hatua nane. Ilipita moja tu, ile ya asidi, mkononi mwako. Irudishe.