Chanja ya Mama Mkubwa

Nilikuwa karani wa wakili mmoja Chake Chake, na kwa miaka miwili kazi yangu kubwa ilikuwa kuchapa barua za kutisha watu. Mteja wetu alikuwa mfanyabiashara ambaye hajapata kulima mwani wala kuukausha. Alichokuwa nacho ni hataza, cheti kinachosema kwamba chanja ya miti ya kuanikia mwani, yenye paa la nailoni lililoinama upande mmoja, ni uvumbuzi wake na hakuna ruhusa ya kuitumia ila kwake. Barua ilikuwa ileile: vunja chanja, saini kukiri kosa, au tuonane mahakamani. Mimi nilibadilisha jina na kijiji tu. Kinamama walisaini. Huku kwetu mwanamke kuitwa mahakamani ni aibu, hata akishinda.

Wakili akienda kuswali adhuhuri, niliyaandika hayo kwenye blogu yangu. Haikuwa na jina. Niliifungua zamani kwa ajili ya picha za kijijini, sasa ikawa ya barua. Watu wakaisoma, wakatumiana kwenye simu. Wakili mwenyewe aliisoma kwa sauti ofisini, akatukana, akaniuliza nadhani ni nani. Nikasema sijui. Nilijiona shujaa, na ushujaa wenyewe ulikuwa wa kubonyeza simu chini ya meza huku natafuna andazi.

Siku moja jina nililopewa kuchapa lilikuwa la mama mkubwa, dada wa mama yangu, wa Kiuyu, aliyenilea. Nikachapa. Vidole vilikwenda vyenyewe, sikusikia kitu.

Yeye hakusaini. Alikuja mwenyewe, kavaa buibui lake la Idi. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kama anavyomwitikia karani yeyote, ili bosi wangu asijue kuwa ni mtu wangu. Alinistahi hata siku hiyo. Wakili akamkaribisha kiti, akamuuliza kwa adabu:

"Bi mkubwa, chanja hii umeibuni wewe?"

Ilikuwa aseme ndiyo, basi. Aliibuni yeye, baada ya mvua za vuli kumwozeshea mwani mara mbili mfululizo. Nilikuwepo akipanda juu ya ndoo kufunga nailoni, akishuka, akiitazama, akiifungua tena. Lakini mama mkubwa hajajisifu maisha yake yote. Ukiusifu mchuzi wake atakwambia ni nazi tu ilikuwa nzuri.

"Astaghfirullah! Mie nibuni nini, mwanangu? Ni Mola tu kajaalia. Mie sikubuni kitu."

Wakili akanigeukia. "Andika. Anakiri hakubuni."

Nikaandika.

Picha ya chanja ile ilikuwa kwenye blogu yangu. Niliiweka mwaka mzima kabla ya yule bwana kuomba hataza yake, na kitu kilichokwisha kuonyeshwa hadharani hakihesabiwi uvumbuzi mpya. Hilo nalijua, nimelichapa mara nyingi. Lakini picha isiyo na mwenyewe haimsaidii mtu. Ilitakiwa mmoja anyanyuke aseme: blogu ni yangu, picha nilipiga mimi. Na huyo mmoja alikuwa kakaa kwenye kiti changu. Niliifikiria kazi yangu, nikaitazama kalenda ukutani, kisha sikufikiria tena. Nikachapisha karatasi, nikampelekea mama mkubwa, nikamshika mkono kumwonyesha pa kuweka dole gumba. Mkono wake ulikuwa mkavu kwa chumvi. Nilitaraji nitaona uchungu, sikuuona.

Baada ya wiki tatu nilikwenda Kiuyu. Chanja haikuwepo. Mwani ulikuwa chini, umetandazwa juu ya makuti, umeingia mchanga, na mnunuzi kashaukataa. Mama mkubwa hakuutaja. Alinipakulia muhogo na samaki, akakaa karibu yangu.

"Kuna mtu huandika mambo yetu humo mtandaoni," akaniambia. "Binti wa jirani hunisomea. Hatumjui, lakini yeye ndiye pekee anayetusemea. Mie kila nikiswali namuombea dua."

Akaweka sahani chini, akanyanyua mikono palepale, akaomba Mola amlinde mtu huyo na ampe moyo.

Nikaitikia amin, nikaendelea kula.