Tawi la Omena Nililofuta kwa Mkono Wangu

Mimi hakuna kitu kinaweza kunishangaza. Nimeacha shule darasa la sita, nimepakia miwa Awendo kwa mabega haya, na leo nina malori matatu na mizani ya kununua omena, wale dagaa wa ziwa, kule Sindo ufuoni. Waliosoma wananiita bosi. Kwa hivyo msichana anayeniandikia programu aliponifungulia akaunti, nilijifunza mwenyewe kwa kutazama video, mpaka nikajua kufuta.

Programu yetu hukaa kwenye ghala moja mtandaoni. Kila kazi mpya huandikwa pembeni, kwa nakala inayoitwa tawi, na ikikamilika huunganishwa na shina. Siku moja mwezi wa saba nikafungua, nikakuta matawi arobaini na moja, yote kwa namba tu. Uchafu! Nikaweka sheria yangu: tawi halijaguswa miezi mitatu, nje. Nikafuta mtandaoni, nikafuta kwa kompyuta ya ofisi, nikafagia hata mabaki. Yakabaki manne.

Miwa haina likizo, na huko kwetu kitu kisichoguswa miezi mitatu kimekufa. Lakini ziwa hufungwa kwa omena, Aprili mpaka Julai. Programu ya mizani ya omena ilikuwa imelala miezi hiyo yote, tawi namba kumi na saba, ikingoja ziwa lifunguliwe ijaribiwe. Mtu wa ziwa angelijua hilo akiwa usingizini. Mimi sikulijua.

Ziwa likafunguliwa. Wamama wa kikundi kinachoniuzia wakaleta omena kavu, magunia kwa magunia. Walikuwa wameapa hawataki daftari tena, kwa vile msimu uliopita karani wangu aliwapunja. Kila mmoja alitaka kilo zake zitoke kwenye mizani ziingie kwa simu yake. La sivyo wanauzia mtu mwingine, na mimi Sindo nimekwisha.

Msichana akafungua laptop aipakue programu ya mizani.

“Mzee, namba kumi na saba iko wapi?”

“Zile za zamani? Nilisafisha.”

“Hiyo ndiyo omena.”

“Wewe huna nakala yako?”

“Iko kwa laptop yangu ya zamani. Nilimuuzia mama wa saiba, yule mwenye duka la intaneti kule Migori. Sijui kama ameifuta.”

Mwenyekiti wa kikundi alikuwa amesikia yote. “Jaduong’, mzee wetu, umefyeka mpaka mbegu?”

“Mwacheni,” mwingine akasema, “alikuwa anapalilia.” Wakacheka. Mimi sikucheka.

“Ningojeni,” nikawaambia, mawingu yakijikusanya juu ya ziwa. “Omena itakayolowa ikiningoja, nitailipa kama kavu!” Banda langu lilitosha robo ya magunia. Wengine wakaketi nje juu ya mali yao.

Nikaondoka na msichana mpaka Migori. Mama wa saiba alikuwa na mteja. Nilisimama mlangoni, kofia mkononi, mimi ambaye sijawahi kuomba hata maji.

“Mama, umeifuta?”

“Fundi anakuja leo kuifuta. Kwani kuna nini?”

“Usiifute. Tafadhali, mama. Tafadhali.”

Akanitazama kama anavyotazamwa mtu aliyefiwa, akaitoa laptop chini ya meza. Msichana akaiwasha, akatafuta. Namba kumi na saba ilikuwepo. Akairudisha ghalani, nami nikakaa sakafuni mbele ya yule mteja.

Tulipotoka mjini, mvua ilikuwa inagonga kioo. Tulipofika Sindo, wamama walikuwa wamesimama chini ya nailoni, na magunia ya nje yanachuruzika maji.

“Tumekungoja,” mwenyekiti akasema. Hakuna aliyecheka sasa.

Mizani ikafanya kazi bila kosa. Gunia lililolowa ni zito, na kila kilo ya maji ikaingia kwenye simu ya mwenyewe, kwa bei ya kavu, kama nilivyoapa. Nililipa mpaka gunia la mwisho. Wamama wakabaki kwangu. Ile iliyolowa ilioza kabla sijapata mnunuzi, hata wa chakula cha kuku, na ilinigharimu shilingi laki mbili, elfu kumi na nne, mia tatu na hamsini.