Nilivyoponea chupuchupu kupunguzwa kazi mgahawani Katesh, baada ya kuharibu kikaango cha bosi

Wakuu, habari za humu ndani. Najua wengi wenu ni wajukuu zangu kabisa, lakini humu kila mtu ni mkuu, basi na iwe hivyo.

Nimesoma uzi wa kijana mmoja analia ofisini kwao wanapunguza watu. Nikasema ngoja nimsimulie yangu. Siongezi chumvi, maana waliokuwepo wengine wako hai, watanisuta.

Shule niliishia darasa la nne. Ila jina la mtu nikishalisikia halitoki.

Ilikuwa miaka ile ya soko huria, mitumba imejaa mnadani, Manyara bado haijawa mkoa, sisi tunahesabiwa Arusha. Mashamba makubwa ya ngano huku Hanang yakaanza kupunguza wafanyakazi. Hao ndio walikuwa wateja wetu. Mgahawa ukapoa, nzi wakawa wengi kuliko walaji.

Mwenye mgahawa alikuwa Mama Mwanaidi, Mrangi wa Kondoa, mjane, mkali lakini mwenye haki. Wafanyakazi tulikuwa watatu. Veronika anapika chapati, Paskali anapasua kuni na kuchoma nyama, mimi Martina naosha vyombo na kuhudumia.

Siku moja akatuita: "Wanangu, hali mnaiona. Mwezi ukiisha nabaki na mmoja."

Nilikuwa na watoto wanne, na mume wangu Faustini ndio kwanza karudishwa nyumbani kutoka shamba la ngano. Nikikosa na mimi, tunakula nini?

Basi nikaanza kujituma mpaka nikawa kero.

Nafagia uwanja mara tatu kwa siku. Nafuta meza mtu bado anakula. Paskali akaniambia, "Dada Martina, punguza, utamfuta na mteja."

Jioni ya kuamkia mnada nikakiona kikaango cha chapati, kile cha chuma kizito, cheusi tii. Nikasema hapa ndipo bosi atanitambua. Nikachukua mchanga na majivu, nikasugua mpaka mikono ikawaka moto. Kikang'aa, unajiona meno.

Wakuu, wanaopika chapati hapo wameshashika vichwa.

Asubuhi Veronika anaweka chapati ya kwanza, imeganda. Ya pili, imeganda. Ya tatu ikatoka vipande vipande kama magome ya mti. Na leo ni mnada!

Mama Mwanaidi akaja mbio.

"Nani kanioshea kikaango?"

"Mimi, mama. Kilikuwa cheusi."

"Weusi wake ndio upishi wake! Miaka tisa nakilea mimi hicho! Toka! Kakae nje uchambue maharage, nisikuone!"

Veronika akacheka mpaka akakaa chini.

Nikatoka na ungo wangu, machozi yananidondokea kwenye maharage. Nikajua mimi ndio basi tena.

Sasa pale nje wanapita watu wa mnada na mifugo yao. Akapita mzee Gidamis wa Balangdalalu. Mzee kama yule humwachi apite bila salamu, hata kama unalia.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Watoto hawajambo?"

"Hawajambo. Na Udamosinga alijifungua salama?"

Akasimama. "Umejuaje habari za binti yangu?"

"Si ulituambia mwenyewe mnada uliopita ukinywa chai? Na yule ng'ombe mwekundu, pembe imepona?"

Huku kwetu ukimuulizia mtu binti yake na ng'ombe wake, hawezi kujibu huku anatembea. Akaweka fimbo chini. Akapita mzee Tluway wa Hirbadaw, naye nikamuulizia mguu wa mkewe Paulina. Naye akasimama. Ukawa mkutano.

Gidamis akauliza, "Chapati zipo?"

"Baba, nisikudanganye. Chapati nimeziua mimi kwa mikono yangu. Kuna ugali na maziwa mgando."

Wakacheka wale wazee! Wakaingia ndani, na kila aliyepita wakamwita aje amwone mwanamke aliyeua chapati. Saa nane mchana ugali ukaisha.

Mama Mwanaidi akakaa kuhesabu hela za siku. Nami nikarudi kwenye vyombo vyangu.

Mwezi ukaisha, akatuita.

"Martina, Veronika anapika kukuzidi. Paskali ana nguvu kukuzidi. Na umeniharibia kikaango."

Nikaanza kufungua khanga ya kazi kiunoni.

"Acha hiyo khanga. Juzi ulipokwenda kisimani walikuja wazee wanne wakakuulizia. Nikawaambia haupo. Wakaondoka bila kula! Kwenye mgahawa wangu mwenyewe! Sasa nikikufukuza, si nimejifukuza na mimi?"

Nikabaki. Miaka kumi na moja.

Paskali aliondoka bila kinyongo. Veronika aliumia, na alikuwa na haki, chapati zake sijaona mfano. Alihamia njia ya Singida akafungua genge lake. Hakunisalimia miaka miwili. Siku hizi tuko jumuiya moja, tunasali pamoja.

Kwa hiyo kijana, kuhangaika mbele ya bosi peke yake hakutoshi. Mimi nilihangaika nikaharibu. Angalia anayeleta riziki hapo kazini ni nani, umjue kwa jina na shida zake, na siku umekosea useme umekosea. Akikuulizia siku haupo, umeshakaa vizuri.

Haya, nyie mliopitia kupunguzwa, nini kiliwabakiza? Na walioondolewa waseme pia, tusicheke tu. Naandika kwa kidole kimoja, nikichelewa kujibu mnivumilie.