Kitu Kisicho na Pa Kushika

Neno cumbersome nilifundishwa nikiwa nimebeba kabati. Nilikuwa nimeacha shule kitambo, nazurura mji hadi mji, na wakati huo nilikuwa mpakiaji kwa mzee mmoja wa Kihindi aliyeuza fanicha mjini Nakuru. Nililalamika kwamba kabati ni zito.

"Zito ni gunia la viazi," akasema. "Hilo unalitupa begani unaenda. Kabati ni cumbersome. Kubwa, halina pa kushika, mlangoni linagoma."

Neno hilo lilinikaa akilini. Nikamuuliza kama godoro nalo ni cumbersome. Ndiyo, hata likiwa jepesi. Na kufuatilia hati ya shamba, ofisi hii hadi ile? Akacheka. Hiyo hasa. Na mtu mnene?

"Mtu hapana, bwana. Utapigwa."

Miaka baadaye nilipanga chumba Karagita, mtaa wa wafanyakazi wa mashamba ya maua, kwenye ploti yenye safu mbili za vyumba zinazotazamana. Jirani yangu, mama aliyefanya kazi ya kukata maua, alifiwa na mumewe. Kabla ya safari ya kwenda kumzika kwao, alitaka jeneza liingie chumbani, mzee aage nyumba yake.

Tulilibeba wanaume sita. Kichochoro ni chembamba. Kufika mlangoni, jeneza likakataa kukata kona. Tukang'oa mlango. Bado.

"Mathe, ni nzito," mmoja wetu akasema, akitafuta namna ya kumwambia mama kwa upole kwamba halitaingia.

Halikuwa zito. Ugonjwa ulikuwa umemmaliza mwili. Lingekuwa kabati tungelisimamisha wima, likapita. Nadhani sote tulilijua hilo, lakini nani angemsimamisha marehemu kama fanicha? Neno la mzee wa Nakuru likanijia mdomoni, nikalimeza. Mle ndani mlikuwa na mtu.

Mama alitutazama tukihema. Kisha akaingia chumbani, tukasikia vitu vikisukumwa.

"Njooni mshike hapa," akaita.

Tukaliteremsha jeneza polepole. Alikuwa anatoa kitanda. Tulikigeuza ubavu, miguu ikakwaruza ukuta, kikatoka. Tukakipeleka uani, karibu na mfereji wa kuteka maji, chini ya kamba za kuanika nguo. Akakitandika vizuri, shuka, blanketi na mito miwili, kisha tukalilaza jeneza upande wa mumewe.

Yeye akaketi upande wake, akavua viatu.