Boksi la Salale

Petronila Komba alikuwa na kipaji kisichoandikwa kwenye cheti. Miaka kumi na minne alikaa masjala ya ofisi moja ya ardhi pale Kibiti, tangu aletwe kutoka Songea, na ukimtajia kijiji chenu tu, anainuka na kurudi na faili lako. Mafaili ya watu wa delta, kule mto unakoingia baharini, aliyapanga kwa vijiji, kila kijiji boksi lake, maana mtu wa huko akiingia husema kwanza anakotoka.

Ukaja mwaka tisini na saba, mwaka wa kupunguza wafanyakazi, na kompyuta moja iliyoendeshwa na jenereta. Ililetwa na mtaalamu wa Dar, Benedict, kijana mpole mwenye uhakika wa mambo yote. Kila faili, alisema, liingizwe kwa jina la mtu na la baba yake.

"Dada Petronila, zama za kupekua zimekwisha. Kisichoonekana humu hakipo."

Kwa kuiogopa orodha ya wanaopunguzwa, Petronila aliitikia kuliko alivyoamini. Akajifunza kuchapa kwa vidole viwili. Daftari lake la vijiji akawashia jiko. Mali bila daftari hupotea bila habari; tumeambiwa wote, na bado tunachoma.

Miezi minne baadaye akaja Mwanaharusi, mjane kutoka kijiji cha Salale, siku mbili njiani. Mwekezaji wa mabwawa ya kambamiti alilitaka bonde la mpunga aliloachiwa na mumewe, Mwinjuma, na kamati ya kugawa ardhi ilikuwa ikikaa siku ile ile chumba cha pili. Asiye na karatasi hana shamba. Karatasi ilikuwa ndani ya faili la marehemu.

"Mwinjuma nani, mama?"

Mwanaharusi akageuka kulitazama benchi la wanaosubiri. Kwao mke hatamki jina la baba mkwe, awe hai, awe kaburini. Miaka thelathini halijamtoka kinywani.

"Mwinjuma wa Salale, mwanangu. Zamani ulikuwa huniulizi."

"Zamani imepita, mama. Mashine haijui Salale. Na kina Mwinjuma humu ni kumi na tisa."

Watu wa kwenye benchi wakageuka. Mama wa watu akavuta ushungi mpaka mdomoni.

"Sadala," akasema, na machozi yakamtoka pale pale.

Petronila akachapa. Hakuna. Akachapa tena, hakuna. Zamani angeinuka. Lakini mlango wa mkuu ulikuwa wazi, na Benedict alikwisha sema.

"Halimo, mama. Basi halipo."

Shamba likaenda.

Masika yalipoingiza maji ofisini, Petronila aliinama kuokoa vilivyokuwa sakafuni. Chini ya meza yake lilikuwapo boksi aliloegemezea miguu tangu kompyuta ije: mafaili yaliyolowa, aliyoahidi kuyaanika kabla ya kuyaingiza, akayasahau. Ubavuni, kwa mwandiko wake mwenyewe: SALALE. Faili la tatu kutoka juu lilikuwa la Mwinjuma Sadala, ramani na muhuri ndani.

Wiki ile orodha ilibandikwa, na yeye hakuwamo. Walisema anaijua mashine.

Shamba la Mwanaharusi lilimuuma. Lile jina, alilomtamkisha mbele ya watu, na bure, lilimuuma zaidi.