Msamaha wa Mwai

Mwalimu Monicah Ngendo amefundisha Gredi ya Pili kwa miaka kumi na tisa, katika shule moja ya vilima vya Othaya. Hana makuu. Ana ng'ombe mmoja, sauti ya kwaya, na subira ambayo mimi, jirani yake wa darasa, sijawahi kuwa nayo. Watoto wakipigana, mimi husikia kelele. Yeye huona somo limejileta. Aliyekosa lazima aseme mambo matatu: nimefanya nini, nimekuumiza vipi, naomba unisamehe. "Pole" tupu haipokei.

Muhula uliopita aligonga mwamba. Mwai, mtoto wa miaka saba, alimsukuma mwenzake Tabby akachubuka goti, kisha akakataa katakata kusema lolote. Siku nne zikapita. Watoto wakaanza kumkwepa, akawa anakula githeri yake peke yake kando ya tangi la maji. Monicah aliogopa, na aliniambia waziwazi: mtoto akizoea kukaa hivyo, ataishi hivyo.

Akamwita nyanya anayemlea. Mama huyo alifika na kitambaa cha kanisa kichwani, akamsalimu mjukuu wake "mzee wangu". Hilo halikutushangaza. Kwetu mwana wa kwanza hupewa jina la babu mzaa baba, na nyanya humtania kama mumewe. Ila huyu hakuwa akitania. Kwake chai ya kwanza ilikuwa ya Mwai, na Mwai akinuna, nyumba nzima ilinyamaza.

"Mwalimu, huyu hawezi omba mtu msamaha," alisema. "Mwai mwenyewe hakuwahi. Na tulikaa na yeye miaka arobaini."

"Shosho, huyu ni mtoto."

"Ni mtoto, lakini ako na jina."

Siku hiyo nilimsikia Monicah akibamiza mlango, jambo ambalo si lake. Alipotulia alimpa Mwai kazi ya nyumbani: amwache Tabby kwanza, amtafute mtu wa nyumbani aliyekosewa naye, amwambie yale matatu.

Jumatatu asubuhi nyanya alirudi bila kuitwa, amemshika Mwai mkono. Nilikuwa mlangoni nikichukua chaki.

"Aliniambia," alisema. "Ati alinirushia kikombe, ati nikaumia mkono, ati nimsamehe. Mwalimu, nililia mpaka nikashindwa kukamua ng'ombe."

"Na ulimsamehe?"

"Nilimsamehe." Kisha akainua mdomo wa juu kwa kidole, akaonyesha pengo kubwa la zamani. "Sasa mwambie aseme na hii ya jino."

Mwai alilitazama pengo, akamtazama mwalimu. Machozi yalikuwa yanamlengalenga.

"Si mimi," alisema.

"Si wewe," Monicah akamjibu. "Hiyo ya jino si yako hata kidogo. Yako ni ya Tabby. Nenda."

Alitoka mbio. Tulimwona uwanjani akisimama mbele ya Tabby, mikono nyuma, akiyasema yale matatu moja baada ya jingine. Tabby alifikiri kidogo, kisha akampa upande mmoja wa kamba yake ya kuruka ashike.

"Najua si yake," nyanya alisema polepole. "Lakini mwenyewe tulimzika. Sasa ni nani ataniambia?"

Monicah akamvutia kiti nje ya mlango. Kengele ililia, watoto wake wakaingia, nami nikawafundisha pamoja na wangu, kwa sababu yeye alikuwa bado nje, amekaa na yule mama, akimsikiliza akieleza jinsi jino lilivyotoka.